Kitabu cha Maalim Kassimu

Foleni ya kuvuka mpaka wa Petite Barrière haikuwa imesogea tangu asubuhi. Murekatete, aliyekuwa akipeleka vitunguu Goma, aliwasikia wanaume wawili mbele yake wakizungumza. Mmoja alikuwa jirani yake, Maalim Kassimu, anayefundisha watoto msikitini. Wa pili alikuwa mchukuzi wa mizigo.

"Maalim, ule mukubwa wa politiki alikuya kwenu jana. Aliwaambia nini?" mchukuzi aliuliza.

"Nilimwekea mezani kitabu cha babu yangu, cha hesabu na nyota, kilichoandikwa kwa mkono," Maalim alijibu. "Nilitaka aone kuwa nasi Waislamu tumeichangia dunia elimu, ili atuombee kibali cha shule."

"Bon! Alikifungua?"

"Aliuliza kama kisu changu ni kikali. Ng'ombe wa karamu yake alikuwa amefungwa nje."

Mchukuzi alicheka mpaka gunia likamponyoka. "Aa, Maalim! Si ninyi ndio munachinjaka? Kila mutu na kazi yake!"

"Nilichinja. Akala, akasifu nyama, akapanda gari. Kitabu nilikikuta chini ya sahani ya mifupa."

"Usimuchukie. Hata mi sikukuulizaka habari ya kitabu hata siku moja."

"Najua," Maalim alisema.

Murekatete aliinamisha kichwa. Kila Krismasi yeye mwenyewe humwita Maalim aje amchinjie mbuzi. Alimwomba Mungu ampe swali moja tu la kumuuliza Maalim kuhusu nyota. Lilikuwa bado halijamjia kizuizi kilipoinuliwa, na watu wakaanza kusukumana kuelekea Goma.