Namba ya Ndugu wa Karibu

Ndani ya treni, fundi wa kompyuta wa zahanati aliketi nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. "Majibu ya kipimo changu cha mimba yalikwenda kwenye simu ya mama mkwe," alilalamika mwenye mtandio. "Wanachagua jina la mtoto, mimi hata sijaambiwa!"

"Labda uliandika namba yake," akaguna aliyeketi kando yake.

"Niliiandika kwenye fomu ya zahanati, panapotakiwa ndugu wa karibu! Yangu iko juu yake."

Fundi akaitambua fomu hiyo. Ndiye aliyeiagiza kompyuta ichomoe namba moja ya simu katika kila faili la mgonjwa ili itume majibu, naye kwa kosa akaielekeza kwenye ya ndugu. Wagonjwa mia nne.

"Kompyuta hizi hazina haya," akasema mwenye mtandio.

"Kompyuta hufanya inachoambiwa, dada."

"Basi aliyeiambia yuko wapi nimtazame usoni?"

Treni ikasimama. Fundi akashuka kichwa chini, vituo vitatu kabla ya chake.