Jina Chini ya Kiatu

Bwana asifiwe, kanisa! Na wale mliotoka zamu asubuhi, mkisinzia jirani awagonge kidogo, maana ushuhuda huu una kicheko ndani yake, ingawa mimi uliniuma kwanza.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Purity, muuguzi, naishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Purity nilimzaa bila ndoa. Baba yake, Wafula, ni fundi wa magari kule Eldoret. Tulipendana, tukakosana, kila mtu akashika njia yake. Nilipopata kazi hapa Doha nilimwacha mtoto kwa mama yangu Kitale, hajajua hata kufunga viatu. Ndugu zangu, kulea mtoto kwa simu si mchezo! Unamwambia ale mboga, anakukatia simu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha kazini wakakubali nimlete, na shule ikampokea. Nilicheza sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari! Lakini Wafula sikumwambia. Nilisema moyoni, huyu si mume wangu, ana haki gani ya kuulizwa? Na nilijua vizuri kwamba kila Jumamosi alikuwa akisafiri kwenda kumwona mtoto.

Basi nikamficha kila kitu, halafu nikaweka picha kwenye status ya WhatsApp: Purity na begi jipya mgongoni, na maneno "Doha, tunakuja!" Jamani, nilisahau kwamba ana namba yangu!

Kesho yake Wafula alikuwa kwa afisa wa watoto, akaandikisha kwamba mtoto asitolewe nchini bila yeye kujua. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa hata kama hatukuoana, sheria inamtambua kama baba, na bila sahihi yake Purity hapandi ndege. Shule nayo ikasema nafasi itangoja mwezi mmoja tu.

Nililia. Halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika hata chai inaogopa kuchemka. Nikaipeleka kesi kwenye kikundi chetu cha maombi. Dada Rhoda, usijifiche nyuma ya mpiga kinanda, tunakuona! Dada Rhoda akasema adui hukanyagwa. Tukafunga siku tatu. Nikaandika WAFULA chini ya kiatu changu cha kazini, kwa wino mzito, herufi kubwa, Shetani asome vizuri. Nikamkanyaga wodini zamu nzima! Nikisukuma kitanda, namkanyaga. Nikienda msalani, namkanyaga. Wiki mbili! Wafula hakutetereka. Iliyovimba ni miguu yangu.

Jioni moja nikarudi nimechoka, nikajitupa kitandani na viatu vyangu, nikampigia Purity kwa video. Chaja yangu ni fupi, kwa hiyo simu niliiegemeza pale miguuni. Sasa Purity ndiyo kwanza amejua kusoma, anasoma kila kitu, hata pakiti za unga. Akaanza: wa, fu, la. "Mama, mbona jina la baba liko chini ya kiatu chako?"

Ndugu zangu, wachungaji wengi wamenihubiria, hakuna aliyenipiga vile. Nilikata simu nikasingizia mtandao, Mungu anisamehe. Nikaenda bafuni na kiatu na brashi, nikasugua huku nalia. Jina liligoma kutoka, lakini hasira ilitoka! Niliona waziwazi kwamba sikuwa namwomba Mungu mtoto wangu. Nilikuwa namwomba baba yake ashindwe.

Nikampigia. "Baba Purity, nimekosa. Ningekuuliza kwanza." Nikajiandaa kwa matusi.

"Mama Purity," akasema, "mimi sikukataa mtoto aende. Nilikataa kuambiwa na status."

Kisha akauliza: shule iko mbali na nyumba? Nani atamchukua ukiwa zamu? Mimi nitaongea naye lini? Haleluya, maswali ya baba! Tukakubaliana simu kila Jumamosi, na likizo ndefu anaenda kwake. Tukaandikisha kwa yule yule afisa, akatia sahihi mwezi haujaisha. Nilipoenda kumchukua mtoto, Wafula ndiye aliyebeba lile begi mpaka uwanja wa ndege, akasimama akipunga mkono mpaka tukapotea machoni.

Purity, simama wakuone! Leo ni ibada yake ya kwanza ya Ijumaa hapa kanisani Mesaimeer. Mpigieni vigelegele, jamani, mpigieni Mungu vigelegele!

Namshukuru Yesu aliyeniokoa na mimi mwenyewe. Na wewe uliyekaa hapo, unayemwombea mtu aanguke, mkabidhi Mungu jambo lako, anaweza. Lakini ukifika nyumbani geuza kiatu chako usome kwanza. Mimi changu ndicho hiki nimevaa, herufi tatu bado zinaonekana. Kesho ni Jumamosi. Purity atampigia baba yake, na mimi nitamsalimia miguu pekupeku.