Mpokea Simu Aliyehamia Kweli

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliofanya kazi naye: mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake. Nitayasema kama yalivyokuwa, maana mwenyewe asingekubali yapambwe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama mkunga. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuamini upesi. Shangazi alipomletea dawa ya minyoo akidai ni tamu, alimrudishia kijiko: "Basi onja wewe kwanza, shangazi." Shangazi akaonja, akakunja uso, na dada akatoka mbio. Nyumbani tulimwita Nani Kasema, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila habari.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979 katika shule ya bweni ya wasichana, akasomea kazi ya simu, na Januari 1982 akaajiriwa wizarani. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha. Akishavaa visikilizio, aliwajua watu kwa pumzi tu: nani anasema yuko mkutanoni na kumbe bado yuko kitandani.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Ukimya huo ulimtia shaka mpaka siku yenyewe ya harusi. "Mtu asiyeongea anaficha nini?" alimuuliza mama. Mama akamjibu, "Labda hana la kusema. Vaa viatu, tunachelewa." Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba wizara zote zitahama mji mkuu kwenda makao mapya, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Ukumbini wakubwa walipiga makofi. Wiki haikuisha, dada akawasikia wakubwa wale wale wakiulizia hoteli huko. Alimwambia mumewe, "Anayehama anatafuta nyumba. Hawa wanakwenda kutembea." Akakataa kuwatoa watoto shuleni. Lakini barua za uhamisho zilipotoka, za kwanza zilikuwa za wapokea simu, madereva na wahudumu. Februari 2005 aliondoka peke yake, na godoro na ndoo.

Alikuta ghorofa linanuka rangi na viti bado vimevikwa nailoni. Simu zikawa hizo hizo kila siku. "Mkurugenzi yupo?" "Yupo njiani." Jumatatu alikuwa njiani anakuja, Alhamisi njiani anarudi. Dada akaanza kuamini kwamba wamehamishwa wadogo tu ili ionekane watu wamehama.

Shaka ile ikageukia nyumbani. Akipiga simu jioni, nyuma ya sauti ya mumewe alisikia sauti ya mwanamke. "Nani huyo?" "Mteja." "Mteja gani saa hizi?" Mama zetu wadogo nao wakaimwagia petroli shaka hiyo: mwanamume aliyeachwa mjini, walisema, haachwi bure. Jumamosi moja ya Mei 2006 alipanda basi bila kumwambia mtu.

Mlangoni alikuta viatu vya kike. Ndani, mwanamke asiyemjua alikuwa na futi mkononi, anapima ukuta wa chumba cha ushonaji.

"Unapima nini kwangu?"

"Chumba, dada. Fundi kasema anahama, nami nataka kufungua saluni. Wewe ni nani?"

Shemeji akatokea uani na cherehani aliyoizungushia blanketi. Alikuwa anafunga kazi kimyakimya ili amfuate mkewe. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Ningesema, ungeuliza nani kasema." Dada alikalia majora ya vitambaa akacheka mpaka akalia. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki mpaka mashine ya mwisho ilipopakiwa, na kwenye lori akakaa upande wa mlango, fundi asije akashuka njiani. Watoto walifuata shule zilipofungwa.

Alistaafu Machi 2021. Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari alisema moyo umepanuka. Akaenda kwa mwingine, kisha kwa mwingine, na wote wakasema hivyo hivyo. "Au wanajuana," alituambia, lakini dawa alimeza. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, 9 Septemba 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jumatano ofisa wa wizara alifika na gari la kumrudisha mji wa zamani, kama inavyofanyika kwa wafanyakazi wengi. Shemeji akasema atazikwa hapa, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Kaka yetu mkubwa alisimama: "Kwa nini hapa? Hapa ana nani? Na shahidi wako ni nani?"

Shahidi ni mimi. Mwezi wa saba nilikuwa namchana nywele, akaniambia, "Msije mkanirudisha. Wale wakubwa wamekuwa wageni hapa miaka yote. Mimi nilihamia." Kaka hakutosheka. Alimwita binti peke yake, akamwita kijana peke yake, akaenda mpaka kwa jirani, na kila alikouliza aliyakuta maneno hayo hayo. Ndipo akamwambia ofisa, "Gari lenu rudini nalo." Na leo asubuhi alikuwa wa kwanza kushika koleo la kuchimba kaburi.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, kijana fundi umeme, wajukuu wanne waliozaliwa katika mji huu, kaka, dada, na wapokea simu wawili aliowafundisha kazi, ambao leo wamefunga laini ili wawe hapa.

Lala salama, dada. Uko kwako.