Mwalimu Vipande na Kasha Lake la Mbao

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba kilichopakana na karakana ya baba, aliyekuwa seremala. Alitambaa juu ya maranda kabla hajajua kusimama.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akaendelea hadi chuo cha ualimu. Mimi mdogo wake niliishia la saba, nikarithi randa ya baba.

Januari 1984 alianza kufundisha watoto wadogo. Kutoka kwenye mabaki yangu ya mbao nilimkatia vipande: vya mraba, vya pembe tatu, vya nusu duara. Kila mchana watoto walivirudisha kashani wenyewe, na havikuenea mpaka vipangwe sawasawa.

"Kifuniko kikikataa, tunamwaga, tunaanza upya," aliwaambia. "Usiniangalie mimi, mwanangu. Geuza kipande."

Alisema mtoto aliyezoea kushika na kugeuza, baadaye hujua kitu kitakaa wapi hata kabla hajakigusa.

Mwaka 1987 aliolewa na fundi redio. Shemeji alizoea kusema, "Redio naifungua peke yangu. Kuifunga, lazima nimwite mke wangu."

Tarehe 9 Mei 2017 mwalimu mkuu aliingia darasani kwake. "Hapa ni shule au kijiwe cha mafundi?"

"Lifunge basi, mkuu," dada akamjibu, akamsogezea kasha.

Mkuu akahangaika mpaka akakalia kifuniko. Binti wa miaka mitano akamwambia, "Babu, hicho cha pembe tatu umekilaza vibaya." Darasa zima likaangua kicheko.

Kesho yake vipande vilikuwa kuni jikoni mwa shule, kwa amri ya mkuu. Watoto wakawekwa kunakili maumbo ubaoni. Dada akahamishiwa ofisini kuandika mahudhurio, hadi alipostaafu 2021. Hakuombwa radhi.

Februari 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Nilimchongea vipande vipya, akavipanga kwa wa kushoto. "Hiki kimezidi, mdogo wangu. Kipige randa." Alifariki tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, na mimi.

Mwalimu mkuu, nakuona safu ya pili. Sijawahi kupaza sauti mbele yako. Kasha liko hapa miguuni pangu, lina vipande arobaini na viwili. Jumatatu saa mbili nalileta darasani alikofundisha dada. Ukilichoma, nitachonga lingine. Mbao ninazo.

Dada, kile kilichozidi nimekipiga randa. Kifuniko kimefunga. Pumzika sasa.