Nukta Aliyoiweka Mwalimu Pell

Mchungaji wetu, nawe Bi Ernestine Prime, ndugu, majirani, na nyote mlioacha joto la nyumbani mkaja kanisani kwenye theluji hii, mimi ni Roberta, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, Orrin Thaxter Pell, sehemu kama alivyoyaandika mwenyewe na sehemu kama nilivyoyamalizia mimi, naye aliniachia sharti moja tu, kwamba nisiruke kitu. Jana mchana kuna watu wa kanisa hili waliokuja jikoni kwetu na mabakuli ya tambi na jibini, wakanipa pole, kisha wakaniomba niruke, nami leo siruki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 hapa Wexcombe, Massachusetts, katika nyumba ya mbao nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha viatu, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Asa Pell, mkata ngozi wa kiwanda hicho, na mkewe Edith, aliyepiga kinanda cha kanisa hili kwa miaka ishirini na miwili, akabatizwa hapa mbele mwezi Februari mwaka uliofuata, na shangazi zake walisimulia kwamba alilia tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, habari ambayo wanafunzi wake waliikataa katakata.

Alisoma shule ya msingi ya Mtaa wa Mill kuanzia mwaka 1940 hadi 1948, akaendelea na sekondari ya Wexcombe hadi 1952 alipomaliza na tuzo ya insha, akaenda chuo huko Maine, akahitimu Juni 1956 katika fasihi ya Kiingereza na historia, kisha akalitumikia jeshi kwa miaka miwili nchini Ujerumani, ambako kwa maneno yake mwenyewe adui pekee aliyekutana naye ni gunia la viazi vya kumenya.

Septemba 1958 alianza kufundisha katika sekondari ileile aliyosoma, chumba namba kumi na nne, na hakutoka humo hadi Juni 1993, akifundisha fasihi pamoja na historia ya Uingereza na Marekani, na wengi mlioketi humu mlipita mikononi mwake na mnajua alivyokuwa, jinsi alivyochukua riwaya yenye mtu mwema anayeona uovu na kugeuza shingo, au sura ya historia yenye mkataba uliovunjwa na meli iliyojaa mateka, akaufunga ule ukurasa na kumnyooshea mmoja wenu kidole, "Wewe ungefanya nini?" Aliyejibu kwamba zama hizo ndivyo mambo yalivyokuwa, alikoma, kwa maana baba alimwambia, "Zama hazina mikono, mwanangu, nitajie mtu," na aliyekata sentensi pasipostahili alirudishiwa insha yenye wino mwekundu, "Sentensi imeisha, au wewe umechoka?"

Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa hapa na Marguerite Osgood, mkutubi wa mji, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1962 na ndugu yangu Alden mwaka 1965, ambaye ameketi benchi la mbele na hakubaliani na ninachokwenda kusoma, lakini amekuja, nami namshukuru, kisha wakajaliwa na wajukuu watatu. Mama alitutangulia tarehe 3 Oktoba 2011, na yeye ndiye aliyemjua baba kuliko sisi sote, maana alizoea kusema, huku baba akisikia, "Baba yenu anawahukumu wafalme wote wa Uingereza, lakini hawezi kumwambia jirani kwamba mbwa wake anabweka."

Sasa nafika mwaka 1976, na ndipo nilipoombwa nipite haraka.

Mwaka huo nchi ilitimiza miaka mia mbili, kila mji ukaandika kitabu chake, na kanisa hili likamkabidhi baba, aliyekuwa karani wake, kazi ya kunakili daftari la kale la ubatizo ili lichapishwe, na mnakumbuka majivuno yetu ya siku zile, kwamba utumwa ulikuwa mambo ya majimbo ya kusini, kwamba mababu zetu waliupinga, kwamba mimbari hii haikuwahi kuwa na doa. Katika daftari hilo, kwenye ukurasa wa Mchungaji Abijah Stroud, mchungaji wetu wa kwanza, baba alikuta mstari mmoja unaomhusu mwanamke aliyeitwa Zilpa, akaupeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya kitabu, marehemu Whitcomb Sears, naye Bwana Sears akausoma, akavua miwani, akasema, "Orrin, tunataka kitabu cha sherehe, hatutaki kesi." Baba akarudi mezani kwake, akanakili mstari ule hadi kwenye mkato wa pili, na pale penye mkato akaweka nukta, ikachapishwa hivi: Zilpa, mtumishi wa Mchungaji Stroud. Daftari lenyewe likarudi ndani ya sefu ya kanisa, na ufunguo ukabaki kwa karani, yaani kwake.

Miaka kumi na miwili baadaye, Jumamosi tarehe 12 Machi 1988, kwenye mkutano mkuu wa mji, Bi Ernestine Prime alisimama, na kwa ajili ya vijana niseme kwamba wakati huo alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi, na sauti yake nzito ndiyo iliyoishikilia kwaya ya kanisa hili. Aliomba jambo moja, liwekwe jiwe hapo nje lenye majina mawili, Zilpa na mwanawe Prime, waliokuwa watumwa wa Mchungaji Stroud, akasema kwao habari hiyo imepokezanwa kwa mdomo kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na kwamba huyo mtoto Prime ndiye shina la jina lao.

Mwenyekiti wa mkutano akasema, "Bahati nzuri Mwalimu Pell yupo, ndiye mwenye daftari, Mwalimu hebu tusaidie," baba akasimama na kitabu chake cha sherehe mkononi, akasema, "Daftari linasema Zilpa, mtumishi wa Mchungaji Stroud, na hapo ndipo mstari unapoishia, Prime hayumo." Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hizo hadithi za jikoni kwa bibi, mama, kaa chini tuendelee na habari za barabara!" na watu wakacheka, wakacheka sana, halafu Bi Prime akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Mwalimu, nitazame usoni, kisha uniambie tena." Baba aliyarudia maneno yale macho yakiwa kitabuni, kura zikapigwa kwa mikono, mia mbili na kumi na mbili wakakataa, thelathini na saba wakakubali, na mmoja wa wale waliokataa ni mimi, nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu baba yangu alikuwa amesema na mimi sikuona haja ya kuuliza.

Jumapili ya kesho yake, nafasi ya Bi Prime kwenye kwaya ilikuwa tupu, na tangu hapo, kwa miaka thelathini na sita, ameendesha gari hadi mji wa pili kusali na Wamethodisti, msimu wa theluji na msimu wa matope, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumgongea mlango.

Jumatatu baba aliingia darasani kama kawaida, na Dale Kowalczyk, ambaye yupo humu leo na mvi zake na ameniruhusu nimtaje, alimuuliza swali kutoka kwenye riwaya waliyokuwa wakiisoma, "Mwalimu, mtu akiijua kweli akanyamaza ili watu wake wasiaibike, huyo ni mwongo au ni mstaarabu?" Baba, ambaye hakuwahi kukwepa swali, aliwaambia wafungue ukurasa wa tisini wasome kimyakimya hadi kengele, na Dale ananiambia kwamba darasa zima lilidhani mwalimu anaumwa.

Alistaafu mwaka 1993, akaendelea kuwa karani hadi 2018, na tarehe 14 Mei 2019 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yanakakamaa na hayatalegea, akaanza kutumia mtungi wa oksijeni, kwanza usiku tu, kisha na mchana. Septemba mwaka jana aliniagiza nikamwombee daftari kwa karani mpya, Mzee Hollis Brand, nikamletea, akalifungua ukurasa ule bila kutafuta, akausoma mstari kwa sauti, akafika kwenye mkato wa pili na kukwama, nikakimbilia mtungi nikidhani ni pumzi, akaniambia, "Siyo mapafu, Roberta, hapa ndipo nilipoweka nukta." Nikamuuliza, "Ulikosea?" akasema, "Mimi? Katika nukta?"

Sikuwa mpole, na leo sijuti, nilimwambia, "Basi nenda ukamwambie mwenyewe, usinifanye mimi tarishi wako," na Jumamosi tarehe 21 Oktoba nikampeleka kwa gari hadi kwa Bi Prime, Mtaa wa Depot, nikabaki kwenye usukani nikiwatazama wamesimama mlangoni, Bi Prime na baba na mtungi wake, dakika tisa kwa saa yangu, kisha baba akarudi amekumbatia chupa ya jamu. Nikamuuliza, "Umemwambia?" akajibu, "Tumeongea habari za tufaha," nikasema, "Baba!" akasema, "Alinipokea vizuri mno, mwanangu, ningeanzia wapi?" Nilimpenda baba yangu, na siku ile nilitamani nimshushe barabarani.

Alifariki Jumanne iliyopita, tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kitandani kwake, mimi nimemshika mkono huu na Alden ule, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, na kwenye meza yake tukakuta bahasha yenye kurasa hizi, juu yake ameandika, "Isomwe kanisani, mbele ya Bi Prime, akikubali kuja."

Kwa hiyo Jumatano nilimpigia simu Bi Prime nikamweleza yote, akasema, "Ile siku ya tufaha nilijua amekuja na jambo, nilimngoja alitoe, nikampa hata jamu," halafu akasema, "Nitakuja, ila usije ukanisomea msamaha mbele za watu, mwanangu, msamaha ni wangu na bado sijaamua." Na jana, Mzee Brand, ambaye namheshimu, aliniambia pale jikoni, "Roberta, mazishi siyo mahakama, mwache mzee aende na heshima yake," nami nikamuuliza, "Heshima ya nani, Mzee Brand, yake au yetu?" akachukua kofia yake akaenda, wala simlaumu, maana swali hilo linanihusu hata mimi.

Daftari ni hili hapa, juu ya meza pembeni ya jeneza, na "mtumishi kwa maisha yake yote" ndilo jina walilolitumia watu wa huku kumwita mtumwa bila kujichafua midomo, na mstari wenyewe, wote, unasema hivi: "Leo tarehe 3 Mei 1741 amebatizwa Zilpa, mtumishi wa Mchungaji Stroud, kwa maisha yake yote, na Prime, mtoto wake mchanga, vivyo hivyo, mali ya Mchungaji huyo na ya warithi wake."

Bi Prime, ulisema kweli, baba yangu alijua kwamba unasema kweli, aliyekucheka alikosea, na mimi niliyeinua mkono dhidi yako nimesimama hapa na aibu yangu, na ombi lako la jiwe nimelipeleka upya kwa mkutano mkuu wa mwezi ujao, kwa jina langu, na atakayetaka kuona mstari kwa macho yake apite mezani kabla hatujatoka kwenda makaburini.

Familia inawashukuru Daktari Nandini Bhatt na wauguzi waliomhudumia nyumbani kwa miezi yote ile, familia ya Fitzgibbon waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, walimu wenzake wa chumba namba kumi na mbili na kumi na sita, wanafunzi wake wa miaka thelathini na mitano, kina mama walioandaa kahawa na keki za tufaha ukumbini chini, na Bi Prime kwa kuja.

Baba, nimesoma yote, nakupenda na bado nimekukasirikia, nenda ukapumzike, na hiyo amani ambayo watu hutakiwa mwishoni mwa karatasi kama hii mimi sina mamlaka ya kukupa, mwenye nayo ameketi benchi la tatu, na mtu asimharakishe.