Injini Yangu Kwenye Gari la Jirani

Ndugu zangu wa kigango hiki, kaeni tu. Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wote ambao mpunga wao umefika salama mwaka huu, na nyie mnanijua, nikianza kushukuru huwa naanzia mbali. Nivumilieni. Leo nitasema habari ya wivu, na sitamtaja mtu kwa jina. Anayehusika yuko pale nje, amekaa kwenye kivuli cha gari. Nimemkaribisha ndani, akasema, "Katekista, hotuba zako nazisikia bure mwaka mzima barabarani. Leo niache nipumzike."

Mimi na huyo jirani tulianza kazi pamoja tukiwa utingo wa lori moja la mfanyabiashara wa hapa Mpanda. Tulilala juu ya magunia yale yale, tukachimba matope yale yale. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Nikisali yeye anapika chai, akiswali mimi namwangalizia mzigo. Tukaja kuwa madereva, tukajenga nyumba zinazotazamana, katikati uzio wa minyaa.

Tukasikia kuna mnada wa magari ya zamani ya jeshi. Wengi wenu mnayajua yale. Marefu kwenda juu, tairi sita, na zote zinavuta. Mvua ikinyesha kule mbuga za Mpimbwe, lori la kawaida linasubiri kiangazi barabarani huku mpunga wa watu unaota ndani ya magunia. Lile la jeshi linapita. Tukaenda wote, kila mmoja akanunua lake. Yalikuwa mapacha, rangi moja ya kijani, hata mikwaruzo ilifanana.

Sasa sikilizeni wivu ulipoingia. Lake liliwaka siku ile ile. Langu likakataa. Basi akafunga mnyororo akanivuta njia nzima mpaka Mpanda. Mimi nimeshika usukani wa gari lililokufa, nakula vumbi lake, na kila kijiji tunachopita watoto wanampungia yeye mkono. Nawaambia ukweli, ndugu zangu, mtu alinifanyia wema na mimi nikamchukia kwa wema huo huo. Tulipofika akashuka anacheka, "Jirani, breki zako nzuri sana, maana ndizo pekee ulizotumia." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, meno tu.

Spea za magari haya haziko dukani. Unazitafuta kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea: unauliza kijiji kwa kijiji, nani ana mzoga wa gari nyuma ya nyumba. Nikaambiwa Katumba kuna mmoja, umesimama nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, tangu enzi na enzi. Nikapanda pikipiki, nina furaha, maana ndani yake kulikuwa na pampu ya maji niliyokuwa naihitaji. Mama mwenye bani akanitazama kofia yangu, akashika kiuno.

"Wewe ndiye mzee wa kofia?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Pole. Mwenzio alikuja jana, kachukua pampu. Kasema ukija tukupe na maji ya kunywa."

Nikayanywa maji yale, ndugu zangu. Yalikuwa machungu.

Baadaye Mungu akanisaidia, pampu nyingine nikaipata Karema, na gari langu likawaka. Tukafanya kazi wote wawili. Lakini badala ya kuhesabu baraka zangu nikawa natazama za mwenzangu. Akipata mzigo wa Usevya, chakula hakishuki. Akipaka rangi bodi, nami napaka. Msimu mmoja nikasikia anaogopa kuingia mbuga fulani kwa sababu ya mvua. Nikasema leo nitamwonyesha. Nikaingia. Gari likazama mpaka bodi. Nikatafuta matrekta mawili, na kwa haraka ya kutaka nitoke kabla jirani hajapata habari, nikaruhusu moja livute huku na jingine kule. Gari lilitoka, lakini transfa ikavunjika, yaani lile boksi linalogawa nguvu kwenda tairi za mbele na za nyuma. Fundi akalala chini, akatoka, akanivuta pembeni.

"Mzee, chasisi imepinda."

"Haijapinda."

"Mzee, inaonekana kwa macho."

"Hayo macho yako ndiyo yamepinda."

Haukupita muda, la jirani nalo likapasuka bloku ya injini. Mungu anisamehe, siku nilipopata habari hiyo niliomba ugali mara ya pili.

Basi yakakaa magari mawili, moja upande huu wa minyaa, jingine upande ule. Langu lina injini nzima, haliwezi kutembea. Lake lina transfa nzima na chasisi iliyonyooka, halina injini. Fundi akatuita wote wawili, akasema, "Wazee wangu, hapa mna gari moja zima. Mmeligawa kwenye nyua mbili tu."

Jirani akajibu kwanza: "Injini yake ije kwangu, sawa. Langu likatwe liende kwake? Bora nifugie kuku."

Nikamwambia, "Kuku wenyewe watakataa kulala humo."

Hatukuongea tena. Kazi yetu ikawa moja. Asubuhi napanda gari langu lililosimama juu ya mawe, nawasha injini, nakanyaga mafuta lingurume mtaa mzima usikie. Yeye hana injini, lakini ana betri na honi. Basi nami nikinguruma, yeye anapiga honi. Nanguruma, anapiga. Wazee wazima! Mke wangu alitoka siku moja na beseni la vitumbua kichwani, vile alivyokuwa anauza ili tule, akasimama mbele ya bampa akauliza, "Mzee, leo hilo gari linaenda wapi?" Nikakanyaga mafuta tena. Na mavuno yalikuwa yanakaribia, mawingu yanakusanyika, wakulima wanakuja kuuliza kama mwaka huu kuna gari. Ninyi wenyewe mlikuja. Niliwaambia spea ziko njiani.

Hii ndiyo sehemu niliyosimama kuisema. Asubuhi moja niliwasha injini, honi haikujibu. Nikakanyaga tena. Kimya. Kwanza nikafurahi, nikajua nimemshinda. Kisha nikasikia sauti ya watu wageni, nikachungulia kwenye minyaa. Walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wameshusha mitungi yao ya gesi ya kukatia, wanazunguka gari la mwenzangu. Yeye amekaa kwenye kigoda, ameligeuzia mgongo.

Mmoja wao akaniona. Akaja kwenye uzio, akasema polepole, "Mzee, nasikia wewe unataka transfa. Tukishaikata nitakuuzia wewe. Gari lako litatembea."

Ndugu zangu, nilichokuwa nakiomba kilikuwa kimeletwa mpaka kwenye uzio wangu. Gari langu litatembea, na yeye hatakuwa na gari kabisa. Hata honi. Kesho nitapita mbele ya mlango wake nikiwa nimekaa juu kabisa. Niliiona picha hiyo, na nasema bila kuficha, ilinipendeza. Ilinipendeza mpaka nikatamka, "Sawa."

Nimewafundisha wengi wenu sala. Siku ile sikusali. Nilimtazama tu mwenzangu pale kwenye kigoda. Alikuwa ameshika mnyororo, ule ule alionivutia. Anaufunga funga mkononi kama mtu asiyejua aupeleke wapi. Wale watu walikuwa wamemwambia nao unapimwa kilo. Na mimi nikakumbuka kwamba katika safari ile yote, kila kwenye mlima, alikuwa anatoa kichwa dirishani kuangalia nyuma kama niko salama. Nilikuwa nimeona watoto wanapunga mikono. Hilo la kuangalia nyuma nilikuwa nimelisahau.

Nikapita kwenye minyaa pale pale, nikachanika shati.

"Usikate," nikasema.

Hakugeuka. "Katekista, niache. Nimechoka kusikia gari lako."

"Hutalisikia tena huko kwangu. Chukua injini."

Hapo akageuka. "Na lako?"

"Langu limepinda chasisi."

"Umejua lini?"

"Tangu siku lilipotoka kwenye matope."

Akasema, "Mimi nilijua kabla yako. Kila ukinguruma lilikuwa linacheza dansi upande mmoja." Akaanza kucheka, nikacheka, na safari hii haikuwa meno tu. Wale wa vyuma wakapakia mitungi yao, wamekasirika.

Fundi alifungua langu kipande kwa kipande. Nilisimama pale mpaka mwisho, nikishika spana, na nawaambia ni kama kuosha maiti ya ndugu. Injini ikahamia, na rejeta, na difu ya ekseli ya nyuma. Mvua iliponyesha gari likaingia mbuga, mpunga wenu ukatoka. Tunagawana kazi na tunagawana pato, lakini gari linaitwa lake, na watoto wakipunga mkono wanampungia yeye. Nisiwadanganye kwamba wivu umeisha. Kila nikisikia injini ile inapanda mlima, kitu kinanichoma hapa. Tofauti ni kwamba sasa kikinichoma navuka uzio kwenda kunywa chai kwake, na huwa kinapoa kabla sijamaliza kikombe.

Namshukuru Mungu aliyenizuia nikiwa nimeshasema sawa. Namshukuru mke wangu kwa vitumbua, na kwa swali lake. Namshukuru fundi, ambaye macho yake hayakuwa yamepinda. Na kama yuko hapa mtu ambaye jirani yake ana kile kinachomkosesha usingizi, namwomba jambo moja: nenda umtazame kwa karibu, usimtazamie kwenye uzio.

Limebaki hili. Katika gari langu kitu kimoja hakikupata pa kwenda, ringi ya tairi moja. Jirani aliiosha, akaipaka rangi, akaileta hapa kigangoni iwe kengele yetu, akaitundika yeye mwenyewe kwa ule mnyororo wake. Akaniambia, "Kusali kwenu siji, lakini ukipiga nitakuwa nasikia." Ndiyo iliyowaita leo asubuhi. Na nilipoipiga, ndugu zangu, kule nje alinijibu kwa honi.