Mama Linganisha na Pendekezo Aliloliondoa Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo chetu cha biashara ya mazao ya misitu, anatuaga mwenzetu tuliyezoea kumwita Mama Linganisha. Jina hilo alijipatia mwenyewe, maana kila ulipompelekea takwimu alikuuliza kwanza, "Umezilinganisha na nini?" Hata keki ya ofisini hakuigusa kabla ya kutupia jicho kipande cha jirani.

Alianza kama karani kwenye chumba cha nyuma, dirisha likiangalia maegesho ya malori. Akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi kuwa mchambuzi mkuu. Kazi yake kubwa ikawa kulinganisha jinsi nchi tajiri na nchi zinazoendelea zinavyouza nje kuni, mkaa na nishati nyingine za miti. Wengi wetu tulidhani kuni ni habari ya maskini. Yeye ndiye aliyetufumbua macho: maskini ndio wanaozichoma kwa wingi, ila kwenye soko la nje matajiri wanatuacha mbali.

Hapo ndipo lilipozaliwa pendekezo lake. Kama wao wananufaika, kwa nini sisi tukae tu? Akaandaa mpango wa kusafirisha mkaa kutoka msitu wetu mkubwa. Wakubwa waliupenda mno, na kila mtu alijua kwamba ukipita, kiti cha ukurugenzi ni chake.

Kabla ya kikao cha mwisho alitumwa ng'ambo kujifunza. Alipouliza msitu wa kuni uko wapi, wenyeji walimpeleka kwenye kiwanda cha kupasua mbao, wakamwonyesha lundo la vumbi. Mbao zenyewe zilikuwa zimeshakwenda kujenga nyumba. Kilichoshindiliwa kuwa vipande vya kuni na kupakiwa melini ni mabaki.

Aliporudi alipitia kwa wifi yake, mchoma mkaa anayeishi kando ya ule msitu wetu. Wifi alikuwa ameshapata fununu. "Sasa wifi, mkiupeleka mkaa wote huko, sisi tupikie karatasi zenu?" Mwenzetu alicheka. Halafu akatoa daftari lake, akaanza kulinganisha upya.

Siku ya kikao tulikwenda tumejiandaa kumpigia makofi. Akasimama, akasema, "Nililinganisha kiasi, sikulinganisha kinachouzwa. Wenzetu wanauza mabaki. Mimi nilitaka tuuze miti mizima, pamoja na moto wa jikoni kwetu. Naomba niliondoe pendekezo langu." Mwenyekiti alikunja uso mpaka miwani ikateleza puani. Ukurugenzi akapewa mwingine, na kwa muda mrefu wapo waliopishana naye kwenye korido kana kwamba wamepishana na ukuta.

Tusimpambe kupita kiasi: alinuna, na ole wako uliyemsalimia wiki ile. Kisha akaanza kuvizungukia viwanda vya mbao vilivyokuwa vikichoma vumbi lao uani bure, akiwabembeleza wenyewe wanunue mashine za kulishindilia. Mumewe, fundi seremala, alilalamika kwamba mkewe anathamini vumbi la karakana kuliko meza zinazotoka humo. Ilichukua miaka, na wengine walimfungia geti. Leo waoka mikate wa mji huu wanawasha matanuri yao kwa vumbi hilo, na ziada inauzwa nje. Msitu ungalipo.

Hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi. Ripoti ilirudi mezani kwako imechorwa mpaka huitambui. Ila kwake tumejifunza kutamka "nimekosea" mbele za watu, bila kutafuta wa kumsukumia lawama, hata pale neno hilo linapogharimu cheo.

Ahsante sana, Mama. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, chai unayoimaliza ikiwa bado ya moto, wajukuu wa kukusumbua, na miguu yenye nguvu ya kuwakimbiza uani. Uishi vyema na kwa furaha. Umetuachia kazi safi, nasi hatutakuaibisha.